Mwandikishaji wa Wanachama na Ugonjwa wa Kuahirisha Kazi

Katika vyama vingi vya ushirika ipo kazi moja ambayo husifiwa na wote katika Mkutano Mkuu, ikapitishwa kwa makofi, kisha mwisho wa mwaka ikaonekana kuwa haikufanyika. Kazi hiyo ni kuandikisha wanachama wapya. Katibu huandika katika taarifa yake kwamba juhudi zinaendelea, Bodi huipokea taarifa, na daftari la wanachama hubaki na majina yale yale ya mwaka uliopita, isipokuwa ya wale waliofariki au waliohama.

Aghalabu lawama huwekwa juu ya uvivu. Lakini Katibu huyo huyo anayeambiwa kuwa mvivu hufungua ofisi mapema, hufunga hesabu za mwezi kwa wakati, na hukesha kuandaa makabrasha ya mkutano. Mtu mvivu hafanyi hayo. Kwa hiyo basi, hapana budi kutafuta sababu nyingine inayomfanya mchapakazi aikimbie kazi moja tu kati ya kazi zake zote. Makala haya yanaeleza sababu hiyo, na namna mwandikishaji anavyoweza kujijengea mazoea ya kazi yasiyokatika. Mifano mingi imetolewa katika Kata ya Rusimbi na mitaa jirani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, lakini mafunzo yake yanavihusu vyama vyote.

KAZI YENYEWE NI IPI

Wako wanaodhani kwamba kuandikisha ni kujaza fomu. Fomu ni hatua ya mwisho, nayo huchukua muda mfupi kuliko zote. Kabla yake mwandikishaji humtafuta mtu anayestahili kuwa mwanachama, humwendea mahali alipo, humweleza masharti ya chama, husikiliza maswali yake na kuyajibu. Kisha humpa muda wa kufikiri, humrudia, hupokea maombi yake na kuyafikisha mbele ya Bodi. Maombi yakikubaliwa, hupokea kiingilio na hisa, hutoa stakabadhi, na huliandika jina katika daftari. Hata hapo kazi haijaisha. Mwanachama mpya asipotembelewa katika miezi yake ya mwanzo, huenda akabaki jina tu, asiweke akiba wala kuhudhuria mkutano.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa kwa mkupuo mmoja. Inafanana na kupalilia: aliyepalilia siku moja kwa nguvu zake zote, kisha akakaa miezi miwili, atakuta magugu yamerudi.

WAANDIKISHAJI WA ZAMANI KATIKA NCHI YA BUHA

Wazee wa Mkoa wa Kigoma wanalifahamu neno kuandikisha kwa maana nyingine. Wakati wa utawala wa Waingereza, watu wengi wa Buha waliandikishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kutafuta wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la SILABU, nalo liliendelea mpaka mwaka 1965. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyowachukua vijana hao mbali na kwao.

Mwandikishaji wa manamba alihesabu vichwa. Mtu akishaandikwa namba na kupandishwa garimoshi, kazi ya mwandikishaji ilikuwa imekwisha; hakuwa na haja ya kukutana naye tena. Mwandikishaji wa ushirika yuko katika hali iliyo kinyume kabisa. Kanuni ya kwanza ya ushirika duniani ni uanachama wa hiari ulio wazi kwa wote. Mtu anayeingia leo atakutana na mwandikishaji wake kesho sokoni, keshokutwa msikitini au kanisani, na mwisho wa mwaka katika Mkutano Mkuu, ambako ana kura yake moja kama mwandikishaji mwenyewe. Ahadi ya uongo haina mahali pa kujificha.

Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya kazi ya ushirika kuwa ya heshima. Lakini ndiyo pia inayoifanya iwe nzito, na mtu huahirisha mzigo mzito.

KWA NINI MCHAPAKAZI HUAHIRISHA

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa Katibu wa chama cha akiba na mikopo katika Rusimbi. Siku ya Jumatatu ameandika katika karatasi majina ya watu watano wa kuwaendea. Wanne anawafahamu vizuri. Wa tano ni mzee mwenye mashamba ya michikichi, anayeheshimiwa na mtaa mzima, ambaye zamani alikuwa mwanachama wa ushirika wa mazao.

Jumatatu jioni fomu zimebaki tatu tu. Katibu anaona afadhali asubiri mpaka zichapwe nyingine. Jumanne mvua inanyesha. Jumatano kuna msiba mtaa wa pili. Alhamisi fomu zimefika, lakini Katibu anakumbuka kwamba rejesta ya mikopo haijapangwa vizuri, anaketi kuipanga mpaka usiku. Ijumaa ni siku ya swala, na Jumamosi ni siku ya soko. Jumapili anaikunja karatasi na kuitia ndani ya daftari, akisema moyoni kwamba wiki ijayo ataanza kwa nguvu mpya.

Kila sababu aliyoitoa ni ya kweli. Mvua ilinyesha, na msiba ulikuwapo. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa sababu yenyewe. Sababu yenyewe ni lile jina la tano. Katibu anajua kwamba mzee yule atamkaribisha, atampa kiti, kisha atamwuliza: "Mwanangu, hisa zetu za zamani zilikwenda wapi?" Naye hana jibu. Kwa kuliogopa swali moja, amewaacha hata wale wanne wasio na swali.

Wataalamu wa saikolojia wamefikia rai iyo hiyo. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika maandishi yao ya mwaka 2013, walieleza kwamba anayeahirisha kazi huwa anakimbia dhiki ya moyo inayoletwa na kazi hiyo: woga, aibu, mashaka au uchovu. Akiahirisha hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo humfundisha kuahirisha tena. Ndiyo maana Katibu alipanga rejesta mpaka usiku. Alikuwa anajificha ndani ya kazi nyingine iliyo halali.

SWALI LENYE MIZIZI

Woga huo si wa bure, wala swali la mzee si la ukorofi. Ushirika wa Tanzania una historia ndefu yenye fahari, lakini umepita pia katika misukosuko. Mnamo mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Sheria ya mwaka 1991 ilikusudia kuurudisha ushirika mikononi mwa wanachama wenyewe, na baada yake ikaja ya mwaka 2003. Sheria inayotumika sasa, Na. 6 ya mwaka 2013, ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vyama vya akiba na mikopo, pamoja na sheria hiyo, vinafuata Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Kwa mtu aliyeishi katika miaka yote hiyo, kila badiliko lilikuwa na maana ya fedha zake. Akiuliza, anauliza kwa haki. Mwandikishaji anayelikwepa swali hilo analithibitisha lile analolidhani muulizaji, yaani kwamba kuna jambo linalofichwa.

HASARA YA KUSUBIRI

Hasara ya kwanza ya kuahirisha ni kwamba majira hayamsubiri mtu. Katika Ziwa Tanganyika uvuvi wa dagaa kwa taa hufanyika katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, nuru ya taa haiwavuti samaki vya kutosha, na wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Fedha za mvuvi hupanda na kushuka pamoja na mwezi. Zaidi ya hayo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo ili samaki wapate kuzaliana. Chama kilichokuwa kimewaandikisha wavuvi na wachuuzi wa dagaa mapema, wakaweka akiba katika miezi ya mapato, kilikuwa na cha kuwasaidia. Mwandikishaji aliyesema kwamba atawaendea wakati watakapokuwa wamepumzika, alipowaendea aliwakuta wamepumzika kweli, na mifuko yao imepumzika vilevile.

Hasara ya pili ni ya chama. Katika chama cha akiba na mikopo, mkopo wa mwanachama mmoja hutoka katika akiba za wengine. Wanachama wasipoongezeka, mfuko haukui. Mwanachama anayeomba mkopo wa kununua injini ya mtumbwi au mashine ya kukamulia mawese huambiwa asubiri zamu yake. Anayesubiri muda mrefu hukata tamaa, naye huenda kwa mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali.

Hasara ya tatu ni ya mwandikishaji mwenyewe. Kazi iliyoahirishwa haipungui uzito, bali huongezeka. Nyumba ambayo Jumatatu ilikuwa ngumu, baada ya mwezi imekuwa ngumu maradufu, kwa kuwa sasa kuna na aibu ya kuchelewa.

MFANO WA ROCHDALE

Wanaushirika husimulia mara kwa mara habari za wafumaji na mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844. Linalosahauliwa ni kazi iliyotangulia siku hiyo. Watu wale walikuwa maskini, na kila mmoja alitakiwa kutoa hisa ya paundi moja. Hakuna aliyeweza kuitoa kwa mara moja. Walikubaliana kuchanga peni mbili kwa wiki, na baadaye peni tatu. Mji uligawanywa katika sehemu tatu, zikateuliwa nafsi za kukusanya michango, na kila Jumapili wakusanyaji hao walipita nyumba kwa nyumba kwa wanachama wao.

Haikuwapo hotuba kubwa wala sherehe. Ilikuwapo Jumapili moja baada ya nyingine. Mwisho wa mwaka 1845 wanachama walikuwa 74. Mwaka 1848 walikuwa 140. Mwaka uliofuata benki ya akiba ya mji huo ilianguka, na watu waliopoteza imani wakatafuta mahali pengine pa kuweka fedha zao. Idadi ya wanachama ikapanda kufikia 390, na mwaka 1850 ikawa 600. Waliojiunga wakati wa dhiki walikiendea chama ambacho kilikuwa kimekwisha kuzoeleka mjini. Laiti wakusanyaji wale wangesubiri mpaka watu wawe tayari, watu wangekuwa tayari na chama kisiwepo.

NAMNA YA KUJENGA MAZOEA

Yafuatayo ni mambo sita ambayo mwandikishaji anaweza kuanza nayo bila kuongezewa fedha.

1. Siku na saa maalumu. Kazi isiyo na siku yake hufanywa siku isiyokuwapo. Mwandikishaji achague siku mbili za wiki na saa zake, aziandike ukutani ofisini, na watu wote wajue kwamba saa hizo Katibu hayupo mezani. Siku zichaguliwe kwa kufuata maisha ya watu, wala si kwa kufuata raha ya ofisi. Wanawake wanaoanika dagaa wana kazi nyingi asubuhi, wakati mitumbwi inapofika mwaloni na jua linapopanda, waendewe alasiri. Wavuvi waendewe mbalamwezi inapoanza kukua, maana hapo wamerudi nyumbani na mapato ya usiku wa giza bado hayajaisha. Waendesha pikipiki hupatikana kijiweni wakati wa mchana abiria wanapopungua. Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi ziachwe kwa ibada.

2. Idadi ndogo isiyopunguzwa. Mwandikishaji ajiwekee nyumba nne kwa kila siku ya ziara, asizipunguze hata kama amechoka, wala asizizidishe hata kama amefurahi. Nyumba nne kwa siku mbili ni nane kwa wiki. Kwa wiki hamsini ni ziara mia nne. Hata kama ni mtu mmoja tu kati ya kumi atakayejiunga, chama kitakuwa na wanachama wapya arobaini. Ilinganishwe na kampeni ya wiki moja yenye vipaza sauti na fulana, ambayo huisha kwa kishindo na kuacha mwandikishaji amechoka kwa miezi mitatu. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Ahadi yenye sharti. Mwaka 1999 mtaalamu wa Kijerumani Peter Gollwitzer alieleza matokeo ya uchunguzi juu ya watu wanaoyatimiza makusudio yao. Ilionekana kwamba anayesema "nitafanya" hushindwa mara nyingi zaidi kuliko yule anayesema "likitokea jambo hili, hapo nitafanya hili." Mwandikishaji basi aandike mapema: "Saa kumi ikigonga siku ya Jumanne, nitachukua mfuko wenye fomu na kutoka." "Mvua ikinyesha, nitakwenda kwa wale walio karibu na ofisi." "Nikikuta msiba, nitazika kwanza, na ziara zangu nitazifanya kesho yake saa ile ile." Hivyo kikwazo kikija hakimkuti hana uamuzi.

4. Daftari la ziara. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na juhudi nazo ni mali. Daftari hilo liwe na safu za tarehe, jina, mtaa, swali lililoulizwa, jibu lililotolewa, na siku ya kurudi. Safu ya swali ndiyo muhimu kuliko zote. Baada ya miezi miwili itaonyesha kwamba maswali ya watu si mia. Ni sita au saba yanayojirudia. Mwandikishaji akishaandaa majibu ya kweli ya maswali hayo, sehemu kubwa ya woga wake itaondoka. Daftari hili litunzwe ndani ya kabati lenye kufuli, kwani lina mambo ya watu.

5. Nyumba ngumu iwe ya kwanza. Katika zile nyumba nne, ile inayoogopwa itangulie. Ikiwekwa mwisho, itazitia giza zote zilizotangulia, na aghalabu haitafikiwa. Ikitangulia, zilizobaki huwa nyepesi.

6. Kurudi siku iliyoahidiwa. Mtu akiambiwa "nitarudi Jumanne", Jumanne hiyo ni deni. Asiyerudi kwa ajili ya neno lake, mtu atamwaminije kwa ajili ya akiba yake? Mwandikishaji anayefika Jumanne na kukuta mlango umefungwa amefanya kazi kamili: jirani ataeleza kwamba alikuja.

JINSI SWALI LINAVYOJIBIWA

Katibu wa mfano uliotangulia, siku aliyojilazimisha kuanza na nyumba ya tano, hakuchukua fomu mkononi. Alichukua nakala ya hesabu za chama zilizokaguliwa, masharti ya chama, na kitabu chake mwenyewe cha akiba.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Pita ndani, mwanangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Najua kilichokuleta. Lakini kabla hujafungua mfuko huo, hisa zetu za zamani zilikwenda wapi?"

"Mzee wangu, sitakudanganya. Habari za hisa zile sina, na chama hiki sicho kilichozichukua. Ninazo habari za chama hiki. Hizi ni hesabu zake, mkaguzi amezitia sahihi. Hiki ni kitabu changu mwenyewe. Mtu akitaka kutoka, masharti yanaeleza hapa namna atakavyorudishiwa fedha zake. Soma, nami nitarudi Jumanne ijayo."

Mzee alizishika karatasi zile, akazitazama kwa muda mrefu. Hakujiunga siku hiyo, wala Jumanne iliyofuata. Lakini Jumanne hiyo alikuwa amezisoma hesabu, akauliza juu ya mikopo iliyochelewa kulipwa, akajibiwa kwa tarakimu. Katibu alipoaga, mzee alimwambia, "Wapo kinamama wawili wanaonunua mawese kwangu. Waendee. Waambie nimezisoma hesabu zenu."

Katika daftari la ziara, mzee yule ameandikwa kuwa bado. Wale kinamama wameandikwa kuwa wanachama. Katibu aliyekuwa anaogopa kukataliwa amegundua kwamba hata "bado" ya mtu mwenye heshima ina faida, mradi jibu alilopewa ni la kweli.

Ifahamike pia kwamba lipo swali lisiloweza kujibiwa na mwandikishaji. Hesabu za chama zikiwa hazijakaguliwa, hakuna ustadi wa maneno utakaoziba pengo hilo. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO, lilianzishwa mwaka 1982 kwa kazi hiyo ya ukaguzi. Uvivu wa mwandikishaji wakati mwingine ni ujumbe kwa Bodi: anaona haya kwenda kutetea asichokiamini. Dawa yake ni kusafisha hesabu kwanza.

MAZOEA HUCHUKUA MUDA GANI

Wengi huanza vizuri, kisha huacha katika wiki ya tatu kwa kudhani kwamba wao hawakuumbwa kwa kazi hiyo. Wataalamu wa University College London, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea zoea jipya. Kwa wastani zilihitajika siku 66 kabla jambo halijawa la kawaida, lakini palikuwa na tofauti kubwa: kutoka siku 18 hadi siku 254. Ilionekana pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu zoea lililokuwa linajengeka.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, mwandikishaji asijihukumu kabla ya miezi mitatu. Pili, akikosa siku moja kwa ugonjwa au safari, asiseme kwamba mambo yameharibika. Aendelee siku inayofuata ya ziara, bila kujaribu kulipa deni kwa kwenda nyumba nane. Siku moja ikipotea hupatikana, lakini hatari iko katika siku ya pili.

WAJIBU WA BODI

Mwandikishaji hawezi kuyafanya haya peke yake. Bodi inayomwagiza Katibu aandikishe watu mia mbili ifikapo mwisho wa mwaka, kisha ikakaa bila kumwuliza kitu mpaka mwezi wa kumi na mbili, imemfundisha kuahirisha. Ni afadhali Bodi ikague daftari la ziara kila mwezi, na iulize maswali mawili tu: ziara zilizopangwa zilifanyika? Na watu wanauliza nini? Ziara ziko katika uwezo wa mwandikishaji; kujiunga kuko katika hiari ya mtu. Mtu apimwe kwa lile lililo katika uwezo wake.

Bodi pia ijihadhari na malipo ya kila kichwa. Mwandikishaji anayelipwa kwa idadi ya majina ataleta majina, na chama kitapata wanachama wasiojua masharti wala wasioweka akiba. Huko ni kurudi kwenye hesabu za manamba. Apewe nauli na muda, na mjumbe mmoja wa Bodi afuatane naye angalau mara moja kwa mwezi, hasa katika nyumba zile zenye maswali mazito. Mwenzake akimsubiri mlangoni saa kumi, ni vigumu kwake kuipanga rejesta mpaka usiku.

Katika kila kata, na Rusimbi ikiwa mojawapo, wapo watu ambao wangekuwa wanachama wema leo, lau mtu angewapigia hodi mwaka jana. Hawana kinyongo na ushirika. Hawajaendewa tu. Karatasi yenye majina yao imekunjwa ndani ya daftari fulani. Ifunguliwe, na jina linaloogopwa liandikwe juu ya yote, pamoja na siku na saa ya kwenda.

MASWALI YA KUJADILIWA NA BODI NA WANACHAMA

1. Je, katika chama chenu kuandikisha wanachama kuna siku na saa yake, au hufanywa nafasi ikipatikana?

2. Ni maswali gani matatu ambayo watu wa kata yenu huuliza zaidi juu ya chama? Ni nani ameandaa majibu yake?

3. Ni miezi gani wakazi wa eneo lenu huwa na fedha, na ni miezi gani hawana? Kalenda ya ziara inalingana na miezi hiyo?

4. Hesabu zenu zilikaguliwa lini mara ya mwisho, na je, mwandikishaji wenu anayo nakala ya kuionyesha nyumba anayoiogopa?